Kupima joto la alkoholi nne kwa kopo la soda: shajara ya maabara yetu, Iringa

Kila mwaka nikifika kwenye joto la mwako, yaani joto linalotoka kitu kikiungua, naandika ubaoni namba zilezile: methanoli 726, ethanoli 1367, propanoli 2021, butanoli 2676, zote kilojuli kwa moli (moli ni idadi maalumu ya molekuli, ileile kwa kila kitu). Wanafunzi wananakili, wanakariri, mtihani unapita. Mwaka huu nimekubaliana na vijana sita wa kidato cha sita tuzitafute namba hizo kwa mikono yetu. Kalorimita ya bomu, kile chombo kizito cha chuma ambamo kitu huunguzwa ndani ya oksijeni huku kimezungukwa na maji, hatuna. Tuna kopo, maji na utambi. Unapasha maji kwa taa ya alkoholi, unaangalia yamepanda nyuzi ngapi na taa imepungua gramu ngapi, kisha unapiga hesabu. Naandika kila hatua inapoisha, ili mwalimu mwingine atakayejaribu asirudi kuanzia pale tulipoanzia sisi.

Jumamosi, 6 Julai 2024

Tumeanza na vilivyokuwa karibu. Kibatari kipya cha bati, Sh 1,500 sokoni. Spiriti ya zambarau lita moja, Sh 9,000 duka la dawa. Kopo tupu la soda lililokatwa juu, gramu 13. Mizani ndogo inayosoma hadi gramu 0.01 nilikuwa nimeshainunua kwa Sh 28,000. Mwisho wake ni gramu 200, kwa hiyo taa na mafuta yake lazima vikae chini ya hapo. Spiriti ni ethanoli iliyotiwa methanoli na rangi ili watu wasiinywe. Haiwezi kufikia namba ya kitabu, lakini bei yake inaruhusu kukosea.

Maji gramu 150 yalipanda kutoka nyuzi 19 hadi 39. Gramu moja ya maji inahitaji juli 4.18 ili ipande nyuzi moja, kwa hiyo 150 × 4.18 × 20 ni juli 12,540, yaani kilojuli 12.54. Kibatari kilipungua gramu 1.42. Ukigawanya unapata kilojuli 8.8 kwa gramu, wakati ethanoli safi hutoa 29.7. Hata theluthi hatukufika.

Vijana walinyong'onyea. Mimi nilifurahi, kwa sababu sasa kuna swali la kweli mezani: theluthi mbili za joto zimekwenda wapi? Jibu la kwanza lilikuwa linapiga madirisha. Upepo wa Iringa mwezi wa saba hauna simile, na ndimi za moto zilikuwa zinalala upande kama majani.

Jumapili, 7 Julai

Nimerudi peke yangu baada ya ibada. Nimejaza kibatari, nimekiweka juu ya mizani bila kukiwasha, nikakaa nikikitazama. Baada ya dakika 10 kimepungua gramu 0.11. Nimepitisha kidole kwenye mshono wa chini, kidole kimetoka kimelowa na kinanuka spiriti. Mafuta ya taa ni mazito, mshono ule unayazuia, spiriti inapenya. Kwa hiyo katika zile gramu 1.42 za jana, kama gramu 0.1 haikuungua kabisa, na sisi tumeihesabu kama moto. Kibatari kimestaafu.

Jumamosi, 13 Julai

Taa mpya ni chupa ya kioo ya dawa ya kikohozi, mililita 60, yenye kifuniko cha chuma. Fundi friji wa mtaani alinipa bure kipande cha bomba jembamba la shaba. Tumekipitisha kwenye tundu la kifuniko na kuziba pembeni kwa gundi isiyoogopa joto. Pembeni tumetoboa tundu la ncha ya sindano ili hewa iingie kadiri alkoholi inavyopanda. Bila tundu hilo moto ulififia baada ya dakika mbili.

Utambi wa kwanza ulikuwa uzi mweupe wa dukani tuliodhani ni pamba. Ulikuwa nailoni. Uliyeyuka ukawa tone jeusi lililoziba bomba, na asubuhi nzima ikaenda kwenye kulizibua. Nunua utambi wa jiko la mafuta ya taa (wetu Sh 1,000), uchambue, uchukue nyuzi chache. Kabla ya kuutumia choma ncha ya uzi mmoja: pamba inaacha majivu, nailoni inaacha shanga.

Spiriti ileile, maji yaleyale, nyuzi 20: taa imepungua gramu 1.12. Kilojuli 11.2 kwa gramu.

Jumamosi, 20 Julai

Siku ya kinga ya upepo. Tulichukua kopo kubwa la maziwa ya unga, tukatoa kitako, tukalisimamisha kuzunguka taa na stendi. Lilikaa vizuri sana, limebana kila upande, na hapo ndipo tulipokosea. Moto uligeuka manjano, ukarefuka, ukaanza kutoa masizi. Tulipoinua kopo la soda kitako chake kilikuwa cheusi ti. Tulikuwa tumeukinga moto na upepo tukaukinga na hewa pia.

Tulitoboa matundu 12 ya msumari wa inchi nne kuzunguka sehemu ya chini ya kinga, na juu tukaacha mwanya wa kidole. Moto ukarudi bluu. Gramu 0.84, kilojuli 14.9. Kisha tukafunika kopo la soda kwa karatasi ya foili yenye tundu la kipimajoto: gramu 0.78, kilojuli 16.1. Karibu mara mbili ya siku ya kwanza, kwa kopo la maziwa na karatasi ya jikoni.

Umbali nao tuliucheza. Ncha ya moto ikigusa kitako cha kopo, bati la baridi linaukata mwako katikati na masizi yanatokea. Ukiweka utambi sentimita 5 chini, joto linapita pembeni. Kwetu sentimita 2 kutoka ncha ya utambi hadi kitako, na utambi uliotokeza milimita 4, ndiyo imekaa sawa.

Jumamosi, 27 Julai

Kifurushi kimefika na basi la Dar: ethanoli safi nusu lita Sh 25,000, methanoli nusu lita Sh 18,000, propanoli Sh 40,000, butanoli Sh 38,000, na nauli ya mzigo Sh 8,000. Propanoli na butanoli tulizochagua ni zile ambazo kundi la OH (oksijeni na haidrojeni) limekaa mwishoni mwa mnyororo, ili kila alkoholi itofautiane na jirani yake kwa kaboni moja na haidrojeni mbili tu.

Kabla ya kufungua methanoli nilisimama mbele nikasema yafuatayo, nayarudia hapa kwa uzito uleule. Methanoli inapofusha na inaua, na kiasi kidogo tu kinatosha. Haionjwi, haivutwi kwa mdomo kwenye mpira, haiachwi kwenye chupa isiyo na jina. Chupa kubwa inakaa kabatini, imefungwa, mbali na meza ya moto. Taa haijazwi ikiwa bado ya moto. Madirisha yawe wazi. Sisi tulifungua yale ya upande usio na upepo.

Pamoja na maneno yote hayo, tulipata tukio. Jua lilikuwa linaingia moja kwa moja juu ya meza. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, umezimika," akanyoosha mkono na njiti kuwasha tena. Haukuwa umezimika. Moto wa methanoli ni bluu iliyopauka mno, na kwenye jua hauonekani kabisa. Vinyweleo vya mkono viliungua, ngozi ilipona. Tangu saa ile meza ya methanoli imehamia kivulini, na hakuna anayesogeza mkono kabla ya kupitisha ukanda wa karatasi juu ya utambi kwa koleo. Karatasi ikishika moto, jibu umelipata.

Vipimo vyenyewe vimetutesa. Taa ya ethanoli imepungua, mara tatu: gramu 0.79, 0.73, 0.77. Methanoli moja: 0.97. Kitu kilekile, mikono ileile, na namba zinarukaruka. Binti mmoja wa Mufindi, ambaye ndiye anayeshika daftari, akauliza nani alipima taa lini. Tukagundua hatuna utaratibu. Aliyezima alipuliza, akakoroga maji, akasoma kipimajoto, akaandika, ndipo akabeba taa kwenye mizani. Mara nyingine nusu dakika, mara nyingine zaidi ya dakika.

Tukawasha tena methanoli dakika tano, tukazima kwa kupuliza, tukaweka taa mizanini haraka, wote tukainama juu yake. Tarakimu ya mwisho ilikuwa inashuka mbele ya macho yetu: moja, nyingine, nyingine. Utambi wa moto unafukuza alkoholi hewani hata bila mwali. Katika dakika ya kwanza ilipotea gramu 0.06. Kwenye kipimo cha gramu 0.9 hilo ni kosa la asilimia 6 au 7, na lilikuwa limejificha katika kitendo ambacho hakuna aliyekihesabu kuwa sehemu ya jaribio.

Jumamosi, 3 Agosti

Dawa yake ni kifuniko. Kofia ya kalamu ya ubao ingeyeyuka, hivyo tumekunja kofia ndogo ya bati inayoingia juu ya bomba la shaba. Inazima moto na kuziba utambi kwa tendo moja. Taa inapimwa na kofia yake kabla, inapimwa na kofia yake baada. Ikishafunikwa hatuna haraka tena, na ni bora kusubiri ipoe, kwa kuwa chupa ya moto inapandisha hewa na kuifanya mizani iyumbe.

Pia tumeacha kipimajoto cha kioo kinachosoma nyuzi nzimanzima. Kosa la nusu nyuzi mwanzoni na nusu mwishoni, kwenye ongezeko la 20, ni asilimia 5. Cha kidijitali kinachosoma 0.1 kimegharimu Sh 12,000, na hiyo ndiyo pesa iliyotulipa kuliko zote.

Jambo la tatu tumelitoa kwa Rumford, yule mzaliwa wa Marekani aliyechunguza joto zaidi ya miaka 200 iliyopita: anza na maji yaliyo baridi kuliko chumba kwa kiasi kilekile utakachokipita mwishoni. Nusu ya kwanza chumba kinayapa maji joto, nusu ya pili kinayanyang'anya, na deni linakaribia kujilipa. Mahali pengine ungehitaji barafu. Sisi tuliacha ndoo nje usiku, asubuhi maji yakawa nyuzi 11. Chumba kilikuwa 21. Tukaishia 31.

Na baridi hiyo ikatuonyesha kitu ambacho hatukukitarajia. Dakika ya kwanza kitako cha kopo kilitoka jasho. Matone madogo yalijikusanya, yakateleza hadi kwenye ukingo wa duara, moja likaning'inia, likaanguka juu ya utambi: chwi! Moto ukayumba na kipimo tukakitupa. Yale ni maji yaliyozaliwa na mwako wenyewe. Moli moja ya ethanoli hutoa moli tatu za maji, na namba ya kitabu inahesabu kwamba mvuke huo umeshageuka maji na kutoa joto lake la mwisho, kama kilojuli 44 kwa moli. Mara tatu ni 132, karibu sehemu moja ya kumi ya 1367. Kwetu, kopo likishapata joto, mvuke huo mwingi unatoka juu ya kinga na kwenda zake. Nimefundisha "maji katika hali ya kimiminika" miaka mingi kama maneno ya mabano. Leo yamedondoka mezani.

Kuhusu tone: tumechora duara juu ya kigae ili taa ikae katikati kabisa. Likianguka kutoka ukingoni, linaanguka nje ya moto.

Matokeo, sasa tukijumlisha na joto linalobaki kwenye kopo lenyewe (alumini huchukua juli 0.90 kwa gramu kwa kila nyuzi: 13 × 0.90 × 20, kama kilojuli 0.23, jumla 12.77): ethanoli 0.70, 0.71, 0.69. Methanoli 0.91, 0.90, 0.92. Namba zimetulia. Binti wa daftari amezipigia mstari mara mbili.

Jumamosi, 10 Agosti

Tumerudi baada ya Nane Nane. Propanoli haikusumbua: 0.64, 0.63, 0.63.

Butanoli imesumbua. Harufu yake kali inakaa kooni, inapanda utambi polepole kwa sababu ni nzito, na moto wake una ncha ya manjano hata ndani ya kinga iliyotufaa kwa nyingine zote. Gramu 0.68, yaani kilojuli 18.8 kwa gramu, chini ya propanoli iliyotoa 20.3. Kitabu kinasema kinyume: 36.1 kwa butanoli, 33.6 kwa propanoli. Kijana mmoja alitaka tuandike kwamba butanoli ina nguvu ndogo. Nikamwambia ageuze kopo.

Kopo kavu lilikuwa gramu 13.02 kabla, 13.04 baada. Masizi ya gramu 0.02 ni kidogo kwa macho, lakini kaboni hutoa kama kilojuli 32.8 kwa gramu. Hapo peke yake kuna kilojuli 0.66 zilizobaki bila kuungua, asilimia 5 ya kipimo chote. Na hayo ni yale yaliyonasa tu. Mengine yalipanda na moshi.

Jumamosi, 17 Agosti

Tumepunguza utambi kutoka milimita 4 hadi 2, tumetoa theluthi ya nyuzi zake, na matundu ya kinga yamekuwa 24. Moto mdogo, bluu karibu wote. Lakini kila dawa ina bei yake: kupasha maji kumechukua dakika 9 badala ya 6, na dakika tatu za ziada ni dakika za kupoteza joto. Tulijaribu milimita 1 pia. Masizi yakaisha kabisa ila muda ukafika dakika 15 na namba ikarudi chini. Tumebaki na 2: gramu 0.60, 0.63, 0.61.

Jumamosi, 24 Agosti

Siku ya hesabu. Tumezidisha kilojuli za gramu moja kwa uzito wa moli moja wa kila alkoholi, na kwa moli moja tumepata: methanoli 450, ethanoli 841, propanoli 1219, butanoli 1552. Ukilinganisha na kitabu ni asilimia 62, 62, 60 na 58. Yaani chombo chetu kinapoteza karibu sehemu ileile ya kila alkoholi, na hilo linatupa njia. Tumeichukua ethanoli kuwa kipimo tunachokiamini: 1367 gawanya kwa 841 ni 1.625. Tukizidisha nyingine kwa hiyo, methanoli inakuwa 731, propanoli 1981, butanoli 2523. Methanoli imekosea kwa asilimia 1 hivi, propanoli 2, butanoli karibu 6.

Naomba anayerudia asiifiche hatua hii. Ethanoli hapo haijapimwa tena, imeazimwa kutoka kitabuni, na marekebisho yanafaa tu pale ambapo upotevu unafanana. Butanoli ilipoteza kwa njia yake nyingine, masizi, na ndiyo maana imebaki nyuma.

Kilichonigusa zaidi ni hatua kati ya moja na nyingine. Kitabuni ni 641, 654, 655. Kwetu 636, 614, 542. Kila mara unaongeza kaboni moja na haidrojeni mbili. Tulikaa ubaoni tukahesabu, kwa kilojuli kwa moli, vifungo vinavyoshikanisha atomi za kaboni (C), haidrojeni (H) na oksijeni (O); kuvunja kifungo hula joto, kuunda hulitoa: kuvunja C–C moja (347), C–H mbili (413 kila moja) na oksijeni moja na nusu (498 kwa moja) ni 1920; kuunda C=O mbili (805) na O–H mbili (464) ni 2538. Tofauti ni 618. Ongeza 44 za mvuke kugeuka maji, 662. Vijana walinyamaza kidogo, kisha yule aliyeunguza vinyweleo akasema, "Kumbe yale matone yamo humu." Ndiyo, yamo.

Spiriti ya zambarau tuliirudia kwa utaratibu mpya: gramu 0.76. Kwa marekebisho yaleyale ni kilojuli 27.3 kwa gramu, pungufu ya ethanoli safi kwa asilimia 8. Maji yaliyomo na methanoli yake vinaeleza pengo hilo.

Jumamosi, 31 Agosti

Swali lililokuja tangu siku ya kwanza: ulanzi, ile pombe ya mianzi, nao unawaka? Msimu wa kugema umepita na nguvu yake ni ndogo mno, kwa hiyo tuliigiza kwa kuchanganya ethanoli na maji. Ya asilimia 70 ilishika kwa njiti moja. Ndiyo maana kitakasa mikono hakikai karibu na jiko. Ya 50 ilishika baada ya kuupasha utambi kwa njiti kadhaa, ikazimika. Ya 30 haikushika kabisa. Ulanzi uko chini zaidi ya hapo.

Gharama yote pamoja na kibatari kilichostaafu, utambi, na Sh 5,000 za foili na gundi imefika Sh 185,500. Karibu nusu ni propanoli na butanoli, na kila chupa bado ina zaidi ya nusu. Anayetaka kuanza kwa pesa kidogo achukue mizani, kipimajoto cha kidijitali, ethanoli na methanoli. Hatua ya kwanza ya ngazi, kutoka methanoli hadi ethanoli, itaonekana. Butanoli tutairudia mwezi wa kumi, kukiwa na joto, kwa bomba fupi la bati juu ya kinga ili livute hewa zaidi. Namba zikipatikana nitaziandika hapa.